Mia Saba Sitini na Nane

"Nipe kalamu, afande. Niandike, tuondokane na jambo hili."

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, Ijumaa, na mzee aliyesema hivyo alikuwa amekaa chumba cha mahojiano tangu alfajiri bila kugusa hata maji. Wenzake kazini walimwita Golikipa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulinda lango, ila lango lenyewe lilikuwa la bwawa. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna tone lililopita bila idhini yake. Jumatano hii, saa mbili na robo asubuhi, yalipita maji ya kumfunika mtu, na mtu huyo alikuwa shemeji yake, aliyekuwa chini kwenye mawe akisafisha pampu.

Inspekta hakutoa kalamu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye tabia ya kuuliza swali moja mara tatu hadi mtu aone aibu kwa jibu lake.

"Uandike nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Ni wewe uliyefanya nini?"

"Niliyeingiza ile nambari yenu. Mia saba na... mia saba na ngapi sijui."

"Umeiingiza wewe halafu huijui?"

Golikipa akakuna kidevu. Siku mbili nzima alikuwa amekana kwa kiapo. Alisema aliingiza tatu kwenye kompyuta, hatua tatu tu za kuinua lango, kama kila Jumatano, ili mpira unaoziba kingo za lango uloe usipasuke. Alisema aliiona tatu kwenye kioo kwa macho yake, kisha akasikia mngurumo, akaandika sifuri kufunga, na kufumba na kufumbua mto ulikuwa umeshachukua mtu. Hakuna aliyemwamini. Na sasa, kwa jinsi alivyokuwa akisema, hata yeye mwenyewe alikuwa ameacha kujiamini.

"Jana mke wangu alikuja," alisema. "Akasimama hapo mlangoni, akaniuliza, 'Umemuua kaka yangu?' Nikataka kusema hapana. Sauti haikutoka, afande. Maana Jumanne nilimwambia marehemu mbele ya watu, 'Siku moja nitakufungulia maji uone.' Kisa nini? Mpaka wa shamba, hatua mbili za ardhi. Na wakati ule nilimaanisha. Sasa labda moyo ulisema, vidole vikasikia."

"Vidole havina masikio."

"Basi niambie wewe yale maji yalitoka wapi."

Swali hilo lilimuudhi Inspekta. Alisimama. "Kalamu nitakupa saa nane. Kabla ya hapo kaa kimya, usikubali wala usikatae. Umenielewa?"

Nje, kwenye benchi la korido, mke wa Golikipa alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu aliyelia mpaka akamaliza.

"Tunazika saa kumi," alisema kabla hajaulizwa. "Ndugu zangu wanataka kujua kama huyu atasimama pale au hatasimama. Niwajibu nini?"

"Mama, uchunguzi bado..."

"Uchunguzi ni wako. Mimi nimelala na mtu huyu miaka thelathini. Nataka kujua kama nimelala na muuaji wa kaka yangu. Niambie kabla sijatupa udongo. Baada ya hapo usijisumbue kuniambia."

Inspekta akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu wa kituo. Mkuu alikuwa amekwisha kulifunga jalada kwa kamba.

"Lina kila kitu," alisema, akihesabu kwa vidole. "Tishio, mashahidi sita wamelisikia. King'ora, sheria ya bwawa inasema ukizidisha hatua hamsini lazima ukipige, naye hakukipiga. Na kumbukumbu ya kompyuta yenyewe: lango kubwa, saa mbili na dakika kumi na tano, hatua mia saba sitini na nane. Na sasa nasikia anataka kukiri. Wewe unataka nini tena?"

"Hiyo nambari hainikai akilini."

"Haikukai vipi?"

"Mkuu, umekasirika. Unataka kumzamisha mtu. Lango lina hatua elfu moja na mia tano. Unaandika ngapi?"

Mkuu alifikiri kidogo. "Elfu moja na mia tano."

"Au elfu moja. Au mia nane, ukiwa na haraka. Nani mwenye hasira anakaa chini kuandika mia saba, sitini, na nane? Hiyo nane ni ya nini?"

"Huwezi kumtoa mtu rumande kwa sababu ya nane."

"Najua. Nipe mpaka saa nane, basi."

Mkuu alicheka bila kutaka, akaisukuma saa yake ya mkononi mbele kama anayemwonyesha mtoto. "Saa nane kamili jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Hata ukiwa njiani."

Bwawa lilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Chumba cha kuongozea malango kilijengwa ubavuni mwa kilima, dirisha lake likitazama ziwa, siyo mto. Inspekta alisimama dirishani akaangalia maji yaliyotulia, mazuri, yasiyojua kitu. Mtu akikaa hapa haoni kinachotokea chini. Anakijua kwa kusikia tu, au kwa kuambiwa na kompyuta.

Alikaa kwenye kiti cha Golikipa. Kulia kwake aliweka karatasi ya kumbukumbu ambayo polisi waliichapisha Jumatano saa tano. Kushoto aliweka daftari la zamu, lililoandikwa kwa mkono. Askari waliolichukua walilidharau, wakisema mtu anaweza kuandika chochote kwenye daftari baada ya tukio, na kweli anaweza. Lakini Inspekta alikuwa hajalisoma mstari kwa mstari, na hilo lilikuwa kosa lake mwenyewe. Akalikiri kimoyomoyo na kuanza upya.

Daftari lilisema: Jumatano, saa mbili na dakika kumi, lango dogo, hatua tano. Mota imeondolewa kwa matengenezo, zoezi limefanyika kwenye kompyuta tu. Saa mbili na robo, lango kubwa, hatua tatu.

Karatasi ya kompyuta, mstari wa lango kubwa, ilisema mia saba sitini na nane, kama ilivyojulikana mji mzima. Kidole chake kikapanda mstari mmoja juu, ambao hakuna aliyeujali kwa kuwa lango lile halikuwa na mota wala halikutoa maji. Lango dogo: hatua elfu moja, mia mbili na themanini.

Akainua macho ukutani. Kila lango lilikuwa na kibao chake cha chuma, kimepigwa misumari tangu bwawa lijengwe. Kibao cha lango dogo kilisema: MWISHO HATUA 600.

Inspekta alikisoma mara mbili. Hata ungemchukia shemeji yako, na mama yake, na ukoo wake mzima, usingeandika elfu moja mia mbili na themanini kwenye lango linaloishia mia sita. Hasa kama umelishika lango hilo kwa miaka ishirini na miwili. Aliyeandika zile nambari hakuwa Golikipa. Pengine hakuwa mtu.

Akageuza karatasi, akagawanya kwa mkono kama shuleni. Mia saba sitini na nane kwa tatu. Elfu moja mia mbili na themanini kwa tano. Ya kwanza ilitoka mia mbili hamsini na sita. Ya pili nayo ikatoka mia mbili hamsini na sita. Akarudia, maana hesabu hazikuwahi kumpenda. Zikatoka vilevile.

Hakujua nambari ile ni ya nini. Lakini alijua nani anajua.

Fundi wa kompyuta wa bwawa aliitwa Kamusi, kwa sababu hakuwahi kukosa jibu. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na alifanya kazi kwenye chumba cha mashine chenye baridi ya kugandisha kope. Alimkaribisha Inspekta kwa adabu zote, akampa kiti, akampa hata koti.

"Nimeshatoa maelezo, afande, lakini uliza tu."

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu. Golikipa akiandika nambari kule, inafikaje langoni?"

Kamusi alijikohoza, akafurahi kama mwalimu. "Zamani kulikuwa na kompyuta kubwa ya malango. Ikazeeka, vipuri havipatikani. Programu yake bado ni nzuri, kwa hiyo hatukuitupa. Ndani ya mashine hii mpya tumetengeneza kompyuta pepe, kompyuta isiyo na mwili, inayojifanya ile ya zamani. Programu inakaa humo, inadhani bado iko nyumbani kwake. Hata kifaa cha lango inachokiona ni cha pepe, nacho ndicho huiamuru mota ya lango la kweli. Katikati nimeandika draiva. Draiva ni tarishi: inapokea nambari kwa programu, inaipeleka kwa kifaa, inasoma jibu la kifaa, inalirudisha."

"Tarishi huyu umemweka lini?"

"Huyu wa sasa, Jumanne jioni. Nilimjaribu, akafaulu."

"Ulimjaribu kwa nambari gani?"

"Mia mbili hamsini na saba. Ndiyo nambari yangu ya majaribio siku zote."

Inspekta aliandika polepole, akakosea kwa makusudi. "Mia mbili hamsini na sita."

"Saba," Kamusi akasahihisha.

"Samahani. Na mia mbili hamsini na sita ni nini?"

Kamusi alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lake, jibu halikutoka. Mashine zilivuma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ikiwa na alama za vidole zaidi ya mwanzo.

"Ni... ni nambari tu. Sisi tunaitumia sana."

"Mnaitumia kufanya nini?"

"Kuhesabu."

"Kuhesabu nini?"

"Afande, mambo haya ni marefu."

"Nina mpaka saa nane." Akamwekea karatasi mbele. "Tatu ya daftari imekuwa hii huku. Tano ya daftari imekuwa hii. Zote zimezidishwa kwa nambari ileile. Mzee wa watu hajui kuzidisha hivyo hata ukimpa siku nzima. Nani anajua?"

"Sijamtuma mtu kuua!"

"Sijasema umemtuma. Nimeuliza mia mbili hamsini na sita ni nini."

Kamusi aliivuta karatasi karibu. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ya chini, na ualimu wote ulikuwa umemtoka.

"Nambari ikiwa kubwa haienei kwenye kisanduku kimoja. Inakaa kwenye viwili. Hivyo visanduku ndivyo baiti. Kimoja cha makundi, kimoja cha mojamoja, na kila kundi ni mia mbili hamsini na sita. Kompyuta ya zamani hutanguliza kisanduku cha makundi. Kifaa cha pepe hutanguliza cha mojamoja. Ndivyo walivyokubaliana wanaotengeneza vifaa hivi. Tarishi akipokea upande mmoja anapaswa kuvibadilisha nafasi kabla ya kuvifikisha upande wa pili."

"Na tarishi wako?"

"Hakuvibadilisha."

"Kwa hiyo tatu..."

"Tatu za mojamoja zikasomwa kuwa makundi matatu. Mia saba sitini na nane." Akachora kwa kidole mezani. "Ni kama uandike sifuri kisha tatu, mwenzako aanze kusoma upande wa pili aone thelathini."

"Na kioo? Mzee anasema aliona tatu."

"Aliona tatu. Wakati wa kurudi tarishi alikosea vilevile, kosa likajifuta. Lango liko mia saba sitini na nane, kioo kinasema tatu."

Inspekta alihisi hasira ikimpanda taratibu, ikitokea miguuni. Aliishikilia. "Jaribio lako halikuonyesha?"

"Mia mbili hamsini na saba ni kundi moja na moja. Moja huku, moja huku. Ukigeuza, inabaki ileile." Alicheka kicheko kibovu. "Miaka tisa nimejaribia nambari hiyo. Ni rahisi kuikumbuka."

"Sasa nieleze kitu kimoja. Kama kioo kilisema tatu, mbona kumbukumbu yetu inasema mia saba sitini na nane?"

Kamusi akaanza kuikunja pembe ya karatasi.

"Tuliichapisha saa tano. Mlinzi wa mlangoni ana daftari pia. Wewe uliingia saa tatu. Ulikuja kufanya nini humu saa tatu, mtu akiwa bado anatafutwa mtoni?"

"Kukagua mashine."

"Kukagua nini?"

"Kuhakikisha iko salama."

"Kukagua nini, Kamusi?"

Akainamisha kichwa. "Nilisikia mia saba sitini na nane kwa waliopima alama ya mahali lango lilipofikia. Nikajua palepale. Nikamrekebisha tarishi. Kumbukumbu haiweki nambari, inaweka visanduku jinsi vilivyotumwa. Ukivisoma kwa tarishi wa zamani vinasema tatu. Ukivisoma kwa mpya..."

"Vinamtia mzee kitanzini."

"Nilidhani atasema lilikuwa kosa, wamwache. Sikujua habari ya ugomvi wao. Kisha nikajua, na kila saa iliyopita ikawa ngumu zaidi kusema."

"Tarishi wa zamani uko naye?"

"Nimemfuta."

Inspekta aliegemea kiti. Alikuwa amewahoji wezi wa magari, wezi wa mitihani na mchungaji mmoja, na alijifunza kwamba kila kazi ina kitu ambacho mwenye kazi hawezi kujizuia kukifanya, hata akiwa na hofu. "Mtu aliyejaribia nambari moja miaka tisa ni mtu wa mazoea. Usiniambie ulibadilisha kazi yako bila kuweka nakala."

Kamusi akageukia kinanda. Nakala zilikuwepo zote, zimepangwa kwa tarehe, ya Jumanne jioni ikiwemo. Ya mwisho ilikuwa ya Jumatano, saa tatu na dakika arobaini, na pembeni yake alikuwa ameandika mwenyewe maelezo mafupi ambayo mafundi wote huandika kila wanapogusa kitu: *Nimerekebisha mpangilio wa baiti, kuandika na kusoma. Haraka.*

"Mwamshe wa zamani," Inspekta alisema. "Nataka kuona."

"Hiki ni kifaa cha pepe cha majaribio, hakijaunganishwa na lango. Hakuna maji yatakayotoka."

"Ndiyo maana nakuomba."

Alimwita mlinzi wa mlangoni awe shahidi. Madirisha mawili yakafunguka kiooni: moja la programu, kama aionavyo Golikipa, jingine la kifaa. Kamusi akaondoa mikono kwenye kinanda, akampisha. Inspekta akabonyeza tatu. Dirisha la kwanza likasema 3, tulivu kabisa, hata jicho la tai lisingeona kosa. Dirisha la pili likaanza kupanda. Mia moja. Mia tatu. Mia sita. Mlinzi, aliyemjua marehemu, akashika kiti. Likasimama kwenye 768.

"Chapisha zote mbili," Inspekta alisema. "Weka sahihi. Halafu vaa koti lako, tunaondoka wote."

Walifika kituoni saa nane kasoro dakika sita. Mkuu alisoma karatasi akiwa amesimama, akaketi, akazisoma tena. Kisha akafungua kamba ya jalada bila kumtazama mtu, akaandika hati ya kumwachilia Golikipa, na kumwita askari amchukue Kamusi.

Mke wa Golikipa aliinuka benchini alipomwona Inspekta. Alisubiri.

"Aliandika tatu," Inspekta alisema. "Mashine ndiyo iliyokosea. Yule fundi wa kompyuta alijua tangu Jumatano asubuhi, akanyamaza."

Mama yule aligeuza shingo, akamfuatilia Kamusi akipitishwa koridoni. "Huyu? Huyu mwenye miwani?"

"Unamfahamu?"

"Alikuja msibani Jumatano jioni. Akakaa na wanaume mpaka mwisho. Wakati wa kuaga alinishika mkono, akaniambia, 'Jipe moyo, mama, ukweli utajulikana tu.'" Alikitazama kiganja chake, akakifuta kwenye nguo, taratibu, mara mbili. "Nilimshukuru."

Inspekta akafungua mlango wa chumba cha mahojiano.

Golikipa aliinua kichwa, akaona mke wake nyuma ya Inspekta, akaangusha macho tena. Inspekta akamwekea karatasi mbili mezani na kumweleza kwa maneno machache. Mzee alizisoma akisogeza midomo. Alipofika mwisho, akalia kwa sauti kama mtu anayetapika, bila kujificha.

"Kwa hiyo vidole vyangu..."

"Vidole vyako viliandika tatu."

Akalia zaidi. Kisha akamtazama mke wake kwa mara ya kwanza. "Lakini yale maneno nilimwambia. Nilimwambia nitamfungulia maji."

"Ulimwambia, nami nilikuwepo," mkewe alijibu. Aliinama, akaokota viatu ambavyo askari wa kaunta alikuwa ameviweka mlangoni vikiwa na kamba zake ndani, akamsogezea miguuni. "Hayo utamwomba radhi mwenyewe, saa kumi. Vaa viatu, tunachelewa."